Kugawa Makundi Bila Karatasi ya Majibu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu lilitolewa shauri katika shule yetu kwamba kompyuta itumike kuwagawa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza katika makundi ya masomo ya jioni, kwa kuangalia alama zao. Shauri hili ni jema, maana walimu ni wachache na wanafunzi ni wengi, na kila mtoto ahitaji msaada unaomfaa. Lakini limeleta swali ambalo wengi wetu tumeulizana bwenini na darasani: kompyuta yajuaje kwamba makundi ni matatu, wala si mawili wala matano? Na ikisha kuyagawa, ni nani atakayetuambia kama imegawa vizuri? Nimeona vema nieleze katika gazeti letu yale niliyoyasoma juu ya jambo hili, ili wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu wapate kulipima wenyewe.

Namna mbili za kujifunza

Kompyuta hujifunza kwa namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni ile yenye majibu. Mtu huipa kompyuta mifano mingi, na kila mfano huwa na lebo yake. Mathalani, hupewa picha nyingi za majani ya muhogo, na kila picha imeandikwa “zima” au “gonjwa”. Baadaye hupewa picha nyingine ambazo haijapata kuziona, ikajibu, nasi tukasahihisha kama vile mwalimu asahihishavyo daftari. Modeli moja ikipata 90 katika 100, na nyingine ikipata 95, twaichagua ile ya pili. Kazi ya kuchagua ni nyepesi, kwa sababu karatasi ya majibu tunayo mkononi.

Namna ya pili ni kujifunza bila majibu. Hapa kompyuta hupewa data peke yake, isiyo na lebo hata moja, ikaambiwa itafute mpango uliomo ndani yake. Ni kama mtu apewaye gunia la maharage yaliyochanganyika akaambiwa, “Yachambue,” asiambiwe aina ni ngapi wala zinatofautiana kwa jambo gani. Mmoja atayachambua kwa rangi, wa pili kwa ukubwa, na wa tatu atatenga mazima na yale yaliyotobolewa na wadudu. Wote watatu wamechambua, wala hakuna aliyekosea, ila kila mmoja amejibu swali lake mwenyewe.

Hapo ndipo penye ugumu. Pasipo majibu hatuwezi kusema modeli hii imepata 90 na ile imepata 95. Hata hivyo yatupasa kuchagua, kwa kuwa modeli ni nyingi na kila moja yaleta makundi yake. Basi wataalamu wamefanyaje?

Njia ya wastani

Kwanza natueleze njia moja inayotumika sana, ili maneno yetu yasielee hewani. Njia hii huitwa njia ya wastani K, na herufi K ni idadi ya makundi. Wazo lake liliandikwa na Hugo Steinhaus wa Poland mwaka 1956. Mwaka 1957 Stuart Lloyd, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs huko Marekani, alieleza hatua zake, ingawa maandishi yake yalichapwa hadharani mwaka 1982. Jina lenyewe lilitolewa na James MacQueen mwaka 1967.

Hatua zake ni hizi. Kwanza twaiambia kompyuta idadi ya makundi, tuseme matatu. Nayo huweka vituo vitatu mahali popote katikati ya data. Pili, kila mwanafunzi hupelekwa kwenye kituo kilicho karibu naye. Tatu, kila kituo huhamishwa hadi kwenye wastani wa alama za wanafunzi waliokijia. Nne, wanafunzi hupangwa tena kwa kuangalia vituo vipya, na kazi hurudiwa mpaka pasiwe na mwanafunzi anayehama. Mambo yote ni hayo, na hata mtoto wa shule ya msingi aweza kuyafanya kwa kalamu na karatasi.

Angalia, msomaji, neno moja kubwa. Sisi ndio tuliosema makundi yawe matatu. Tungesema saba, kompyuta ingeleta saba. Haitakataa wala haitasema, “Hapa hakuna makundi.” Mtu asiyelijua jambo hili hudhani kwamba kompyuta imegundua makundi, kumbe imetii amri tu.

Kipimo cha kiwiko

Tuwachukue wanafunzi tisa wa kubuni waliofanya jaribio la hesabu, wakapata alama hizi: 20, 22, 24, 48, 50, 52, 78, 80 na 82. Mtu yeyote akitazama ataona makundi matatu. Lakini twataka kipimo ambacho hakitegemei macho, kwa sababu siku nyingine wanafunzi watakuwa mia tatu na masomo yatakuwa tisa, na macho yatashindwa.

Twaweza kupima mtawanyiko. Katika kila kundi, twatafuta tofauti kati ya alama ya kila mwanafunzi na wastani wa kundi lake, twaizidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha twajumlisha zote. Mtawanyiko ukiwa mdogo, maana yake walio kundi moja wanafanana.

Kwa wanafunzi wetu tisa, tukiwaweka wote kundi moja, mtawanyiko ni 5,072. Tukiwagawa vizuri kabisa katika makundi mawili, washuka hadi 1,200. Makundi matatu yatoa 24. Makundi manne yatoa 18, na matano 12. Tukiendelea hadi makundi tisa, kila mwanafunzi peke yake, mtawanyiko ni sifuri.

Je, tuchague makundi tisa kwa kuwa sifuri ndiyo ndogo kuliko zote? La, hasha. Kumpa kila mwanafunzi kundi lake ni sawa na kutogawa kabisa. Mtawanyiko hauachi kupungua kila tunapoongeza makundi, basi hauwezi kuwa hakimu peke yake. Yatupasa kutazama mahali ambapo kushuka kwenyewe kunakoma ghafula. Kutoka 1,200 kwenda 24 ni kushuka kukubwa. Kutoka 24 kwenda 18 si kitu. Ukichora grafu, mstari waporomoka, kisha wajikunja na kulala kama mkono uliokunjwa. Mahali pa kujikunja huitwa kiwiko, na hapa kiwiko kiko kwenye makundi matatu.

Sasa tuwachukue wanafunzi wengine tisa wenye alama 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80 na 90. Hawa wamepangana kama vidato vya ngazi. Mtawanyiko wao kwa kundi moja ni 6,000; kwa mawili 1,500; kwa matatu 600; kwa manne 350; kwa matano 200. Unapungua kidogo kidogo, wala hakuna mahali ambapo mtu angeweza kuapa kwamba kiwiko ni hapa. Na kweli, hapana makundi. Hata hivyo tukiiamuru kompyuta itupe matatu, itatoa 10, 20 na 30 kundi la kwanza. 40, 50 na 60 la pili. 70, 80 na 90 la tatu. Mwenye 30 atatengwa na mwenye 40 waliyeachana kwa alama 10 tu, na atawekwa pamoja na mwenye 10 waliyeachana kwa alama 20. Je, hiyo ni haki?

Kipimo cha silueti

Mwaka 1987 Peter Rousseeuw, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, alitoa kipimo kingine kinachoitwa silueti. Hiki hutazama kila mtu mmoja mmoja. Humwuliza mambo mawili: Uko mbali kiasi gani, kwa wastani, na wenzako wa kundi lako? Na uko mbali kiasi gani na watu wa kundi jirani lililo karibu nawe zaidi? Kisha twaondoa umbali wa kwanza katika ule wa pili, na jibu twaligawanya kwa umbali ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Jibu likikaribia 1, mtu yuko kwao hasa. Likiwa karibu na sifuri, yuko mpakani. Likiwa chini ya sifuri, pengine amepelekwa kundi lisilo lake.

Tumjaribu mwenye alama 24 katika wale wanafunzi wa kwanza. Wenzake wa kundi wana 20 na 22; tofauti ni 4 na 2, na wastani wake ni 3. Kundi jirani ni la 48, 50 na 52. Tofauti ni 24, 26 na 28, na wastani wake ni 26. Twaondoa 3 katika 26, twapata 23. Tukigawanya kwa 26 twapata kama 0.88. Huyu yuko nyumbani. Sasa tumjaribu mwenye 30 katika wale wa ngazi. Umbali wake na wenzake wa 10 na 20 ni 15 kwa wastani. Umbali wake na wale wa 40, 50 na 60 ni 20. Jibu ni 5 kwa 20, yaani 0.25 tu. Kipimo chasema waziwazi kwamba ukuta uliojengwa hapo ni dhaifu.

Sasa fikiri kwamba katika darasa la kwanza ameongezeka msichana mmoja aliyepata 36. Akiwekwa na kundi la chini, umbali wake na wenzake ni 14 kwa wastani. Umbali wake na kundi la kati ni 14 vilevile. Silueti yake ni sifuri kamili. Kwa kipimo hiki, hakuna sababu yoyote ya kumpeleka chini badala ya juu, au juu badala ya chini. Lakini kompyuta sharti imweke mahali, nayo itamweka, na katika orodha itakayobandikwa ubaoni hapataonekana alama yoyote ya shaka. Sisi tutaona tu kwamba yuko kundi la tatu. Mzazi wake naye ataambiwa hivyo hivyo.

Silueti ina upungufu wake. Haiwezi kuhesabika kukiwa na kundi moja tu, maana hakuna jirani wa kumlinganisha mtu. Kwa hiyo haiwezi kutuambia, “Msigawe kabisa.” Kwa ajili hiyo wataalamu watatu, Robert Tibshirani, Guenther Walther na Trevor Hastie, walieleza mwaka 2001 kipimo cha pengo. Wao huitengeneza data ya bandia iliyotawanyika ovyo pasipo makundi, wakaigawa kama ile ya kweli, kisha wakalinganisha mitawanyiko. Kama makundi yetu hayazidi kwa ubora makundi yaliyopatikana katika data ya ovyo, basi hatuna makundi, tuna ndoto.

Kipimo cha uthabiti

Mimi binafsi kipimo kinachonivutia kuliko vyote ni cha uthabiti, kwa sababu hakihitaji hesabu ngumu. Chasema hivi: kama makundi ni ya kweli, hayatavunjika kwa jambo dogo. Ondoa watu wachache, ugawe tena, utazame kama waliobaki wamekaa pale pale.

Katika darasa la kwanza mwondoe mwenye 50, tuseme ameugua siku ya jaribio. Makundi yabaki yale yale matatu. Katika darasa la ngazi mwondoe vilevile mwenye 50, kisha tafuta mgawanyo ulio bora wa makundi matatu. Utastaajabu. Iko migawanyo mitatu iliyo sawa kabisa, kila mmoja una mtawanyiko wa 600. Wa kwanza ni 10 na 20; 30 na 40; kisha 60 hadi 90. Wa pili ni 10 hadi 40. 60 na 70. 80 na 90. Wa tatu ni 10, 20 na 30. 40 na 60. Kisha 70, 80 na 90. Mtazame mwenye 40. Katika mgawanyo wa kwanza yuko kundi la kati pamoja na mwenye 30. Katika wa pili yuko kundi la chini kabisa. Katika wa tatu yuko kundi la kati pamoja na mwenye 60. Yeye hakubadilika hata kidogo, alama yake ni ile ile. Mwenzake mmoja alipougua, naye akapoteza mahali pake.

Twaweza pia kupima kwa tarakimu jinsi migawanyo miwili inavyokubaliana. William Rand alionyesha njia yake mwaka 1971. Twahesabu jozi zote za wanafunzi. Wanane wana jozi 28. Jozi moja yakubaliana ikiwa migawanyo yote miwili imewaweka wawili hao pamoja, au yote miwili imewatenga. Kati ya mgawanyo wa kwanza na wa pili niliotaja, jozi 20 zakubaliana na 8 zapingana. Ishirini katika 28 yaonekana nyingi, lakini makubaliano mengine hutokea kwa bahati tu. Lawrence Hubert na Phipps Arabie walirekebisha hesabu hiyo mwaka 1985 ili sehemu ya bahati iondolewe. Kwa marekebisho yao makubaliano ya migawanyo hii miwili hubaki 0.30, ambapo 1 ingekuwa kukubaliana kabisa na sifuri ingekuwa bahati tupu.

Modeli zenye maumbo mbalimbali

Mpaka hapa tumesema juu ya kuchagua idadi ya makundi. Lakini modeli zenyewe nazo hutofautiana. Njia ya wastani K hupenda makundi ya mviringo kama machungwa, yenye ukubwa unaokaribiana. Iko modeli nyingine, ya mchanganyiko, ambayo hukubali makundi marefu kama mayai au ndizi za kisukari, na badala ya kusema “fulani ni wa kundi hili,” husema “yaelekea kwa sehemu 70 katika 100 kwamba ni wa kundi hili.” Kwa msichana wetu wa 36 modeli ya namna hii ina uaminifu zaidi, kwa kuwa haifichi shaka yake.

Lakini modeli yenye uhuru mwingi ina hatari yake: yaweza kujikunja ifuate kila nukta, kama mshonaji ashonaye nguo inayombana mtu hata hawezi kukaa. Mwaka 1978 Gideon Schwarz alitoa kanuni ya kuzitoza modeli adhabu: kila kitu cha nyongeza ambacho modeli yajipatia, sharti kilipiwe kwa kueleza data vizuri zaidi. Isipoweza kulipa, modeli iliyo nyepesi hushinda. Njia nyingine ni kuficha sehemu ya data, modeli ijifunze kwa iliyobaki, kisha tuone kama yaitambua ile iliyofichwa kuwa kitu cha kawaida au yaishangaa. Modeli inayoshangaa sana imekariri, haikuelewa. Sisi wanafunzi twalijua tatizo hilo.

Maua 150

Sasa niwape mfano wa kweli, unaojulikana duniani kote. Mwaka 1936 R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, alichapa vipimo vya maua 150 ya airisi yaliyokusanywa na Edgar Anderson, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Maua yalikuwa ya aina tatu, setosa, versicolor na virginica, kila aina maua 50. Kwa kila ua vilipimwa vitu vinne kwa sentimita: urefu na upana wa sepali, na urefu na upana wa petali.

Wanafunzi wa kompyuta hupenda kuficha majina ya aina hizo, wakaiacha kompyuta igawe peke yake, kisha wakafunua majina na kusahihisha. Matokeo yana mafundisho makubwa. Silueti yasema makundi yawe mawili: wastani wake kwa mawili ni kama 0.68, na kwa matatu ni kama 0.55. Sababu yake ni kwamba setosa imejitenga mbali, ilhali versicolor na virginica zimegusana. Tukimsikiliza hakimu wa silueti, tutapoteza aina moja nzima. Na tukisema kwa nguvu makundi yawe matatu, njia ya wastani K hupeleka maua 16 mahali pasipo pake, lakini modeli ya mchanganyiko inayokubali maumbo ya yai hukosea maua 5 tu.

Je, kipimo kilidanganya? Hakikudanganya. Kiliulizwa, “Ni mgawanyo gani uliotengana zaidi?” nacho kikajibu sawasawa. Hakikuulizwa, “Aina za mimea ni ngapi?” Anderson alizijua aina hizo kwa kuichunguza mimea yenyewe, wala si kwa tarakimu nne peke yake. Tarakimu nne hazikubeba yote aliyoyajua yeye. Na alama za mtihani je, zimebeba yote wayajuayo walimu wetu juu ya mtoto?

Hakuna modeli iliyo bora kwa yote

Pengine msomaji atasema, “Basi wataalamu na watafute njia moja iliyo bora, yaishe.” Mwaka 2002 Jon Kleinberg wa Cornell University alithibitisha kwa hesabu kwamba jambo hilo haliwezekani kwa namna tunayolitaka. Alitaja masharti matatu yaonekanayo mepesi. La kwanza, ukibadili kizio cha vipimo vyote, kama kutoka sentimita kuwa inchi, makundi yasibadilike. La pili, njia iwe na uwezo wa kuleta mgawanyo wowote, data ikiwa inastahili. La tatu, ukiwasogeza karibu walio kundi moja na kuwatenga zaidi wasio kundi moja, makundi yabaki yale yale. Akaonyesha kwamba hakuna njia iwezayo kuyatimiza masharti hayo matatu kwa pamoja. Kila njia ina mahali inapochechemea. Basi anayechagua njia anachagua pia ni wapi akubali kuchechemea.

Hata kabla ya kufika huko, uchaguzi umekwisha kufanyika katika vipimo. Hesabu ikisahihishwa kwa 100 na Kiswahili kwa 20, kompyuta itaona tofauti za hesabu kuwa kubwa, na Kiswahili kitakuwa kama hakipo. Ni sharti vipimo vyote viwekwe katika mizani moja kwanza.

Yanayotupasa

Kwa hayo yote, siwaombi walimu wetu walitupe lile shauri. Naomba litimizwe kwa hadhari, nami naleta mapendekezo haya.

Kwanza, tuseme wazi makundi ni ya kazi gani. Kama ni kwa ajili ya masomo ya jioni, na walimu wa jioni ni watatu, basi na tuseme kwa ukweli kwamba makundi ni matatu kwa kuwa walimu ni watatu. Hilo si aibu. Aibu ni kusema kwamba watoto wenyewe wameumbwa aina tatu.

Pili, zijaribiwe modeli zaidi ya moja na idadi zaidi ya moja, hata ile ya kundi moja, na vipimo zaidi ya kimoja vitumike. Vikikubaliana, tutatembea kwa imani. Vikipingana, tutajua tuko penye utelezi.

Tatu, mgawanyo urudiwe mara nyingi huku wanafunzi wachache wakiondolewa kila mara. Mwanafunzi anayehamahama aandikwe katika orodha yake mwenyewe, na mwalimu anayemfahamu ndiye aamue, baada ya kuzungumza naye.

Nne, makundi yahukumiwe kwa matunda yake. Mwisho wa muhula tuulize: je, waliogawanywa hivi wamesonga mbele kuliko walivyokuwa wakisonga kabla ya hapo? Hiyo ndiyo karatasi ya majibu ambayo hatukuwa nayo tulipoanza, nayo huja kwa kuchelewa.

Tano, mlango wa kila kundi uwe wazi, na kundi lisipewe jina la kumvunja mtoto moyo. Jina alilopewa mtu akiwa Kidato cha Kwanza aweza kulibeba hadi chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne. Sisi tunaokaribia chumba hicho twajua uzito wa mzigo wa namna hiyo.

Nanyi wazazi, mkiletewa karatasi isemayo mtoto wenu yuko kundi fulani, msinung'unike wala msishangilie upesi. Ulizeni maswali matatu: Nani alichagua idadi ya makundi? Mtoto wangu yuko katikati ya kundi lake au mpakani? Na wenzake wawili wangekosekana siku ile, angebaki hapo? Kuuliza si ujinga. Mwenye kuitumia kompyuta kwa uangalifu atakuwa na majibu ya maswali hayo, na asiyekuwa nayo hajamaliza kazi yake.